Nani Alilisogeza?

Katika ofisi ile ya kamusi palikuwa na mtindo wa kazi ambao mgeni akiukuta angedhani wenyeji wamechanganyikiwa. Neno la Kiingereza likishaandikiwa maana zake zote, halikupita hivi hivi kwenda kuchapwa. Kila Alhamisi, aliyelishughulikia alisimama mbele ya wenzake na kulitetea kama mshenga aliyepeleka posa kwa watu wagumu. Wenzake walikaa upande wa pili wa meza na kuhoji kama wakwe wasiotaka kuridhika. Limezaliwa wapi? Limekaa na nani? Lina tabia gani? Na lile jambo tulilolisikia juu yake, ni kweli au ni maneno ya watu tu?

Mhariri mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahauliwa kichwani, na alikuwa na sheria moja asiyoilegeza hata kidogo. Ilikuwa marufuku kusema kwamba neno limeharibika. Maneno si maziwa, alikuwa akisema. Kama neno lilikuwa juu na sasa liko chini, basi kuna watu waliolisukuma, na mshenga awataje. Alikuwa akigonga meza kwa ncha ya penseli na kuuliza, "Nani alilisogeza?" Watu wazima wenye shahada zao wametoka kwenye chumba kile wakijifuta jasho kwa sababu ya swali hilo.

Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Bi Kamusi. Jina hilo walimpa majirani zake, kwa kuwa hakuna aliyepita kwake kuazima chumvi akaondoka bila kusahihishwa neno moja au mawili. Lilimfuata hadi ofisini na huko nako likamganda. Neno lake lilikuwa *silly*, neno dogo ambalo hata mtoto wa shule analijua. Tafsiri yake humjia mtu hata akiwa amelala: -pumbavu, -jinga, -a kipuuzi. Bi Kamusi alidhani atalimaliza kabla ya chai. Alipoanza kulichimba akakuta shimo halina mwisho, kwa maana hapo zamani za kale neno hilo hilo lilimaanisha mtu mwenye heri, aliyebarikiwa. Alikuwa na kadi zake mezani, kila kadi na mfano wake, na alichobakiza kilikuwa ni kuzipanga na kueleza neno limetokaje huko likafika huku.

Lakini tuseme ukweli, wiki hiyo akili yake haikuwa kwenye kadi. Akili yake ilikuwa nyumbani, kwa kaka yake.

Walizaliwa wawili tu, na kaka ndiye wa kwanza. Alipokuwa mdogo alishikwa na homa kali iliyokaribia kumchukua. Ilipomwachia, ilimwacha na kilema kimoja: majibu yake huchelewa. Ukimuuliza kitu, ananyamaza. Anakutazama, anatazama ukuta, anatazama mikono yake, kisha jibu linakuja, zima na lenye kichwa na miguu, ila wakati huo aliyeuliza ameshaondoka au ameshajijibu mwenyewe. Mama yao, Mungu amrehemu, alikuwa akimjibia. Mama alipofariki, Bi Kamusi alirithi kazi hiyo pamoja na cherehani na sufuria. Mtu akimuuliza kaka kama atakunywa chai au maziwa, Bi Kamusi anasema atakunywa chai. Fundi wa viatu akiuliza kiatu kinabana wapi, Bi Kamusi anasema kinabana kwenye kidole kidogo. Alikuwa mwepesi wa maneno, ndiyo kazi iliyomlisha, na kumaliza sentensi ya mtu mwingine hakukuona kama ni kumnyang'anya kitu.

Alimpenda kaka yake, hilo halina ubishi. Palitokea bwana mmoja wa maana aliyetaka kumwoa, akaja mara kadhaa na viatu vilivyong'arishwa. Siku moja akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyu tutamweka wapi?" Bi Kamusi alimwonyesha mlango. Bwana hakurudi, wala hakuitwa.

Kaka alikuwa mpiga pasi katika duka moja la dobi nyuma ya soko, na kazi yake aliijua. Shati kwake lilianza na kola, upande wa ndani kwanza, kisha mabega, kisha mikono kuanzia kwenye pindo la kiganjani, na mgongo wa shati ulisubiri hadi mwisho. Wateja wengine walikuwa wakisema kabisa, "Nataka yule asiyesema." Wenzake walimheshimu, tena kwa woga kidogo, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya mtu na kutazama mkunjo uliopinda bila kutamka lolote, na mtu mwenyewe akajikuta anaurudia.

Jumapili iliyoifungua wiki hiyo, walipokaa kula chakula cha mchana, kaka alianza kusema jambo. Alilimaliza wakati Bi Kamusi anafuta sahani. Jambo lenyewe lilikuwa hivi: tajiri wake anafungua duka la pili, karibu na hospitali, litakalofua makoti ya madaktari na mashuka ya wagonjwa. Anamtaka yeye awe msimamizi wa chumba cha pasi, awe na watu chini yake. Nyuma ya duka kuna chumba kidogo cha kulala, chenye bafu lake. Kaka anataka kuhamia huko.

Akilini Bi Kamusi alimwona kaka yake amezungukwa na vijana wa mjini wenye ndimi kali, wanamcheka, wanamwibia sabuni na kumsingizia, naye bado anatafuta neno la kwanza la kujitetea.

"Tutaona, kaka," alisema, kwa ile sauti ambayo mzazi humjibu mtoto aliyeomba baiskeli.

Kaka alitazama dirisha. "Hakuna tutaona," akasema baadaye. "Nimeshakubali."

Bi Kamusi hakupata usingizi. Kulipokucha alipitia kwenye duka la dobi kabla ya kwenda kazini, saa ambayo alijua kaka hajafika. Tajiri alikuwa mtu mnene, taulo shingoni, anapanga vitita vya nguo kaunta. Bi Kamusi alizungumza vizuri, kwa heshima na kwa mpangilio, maneno ndiyo aliyokuwa nayo kwa wingi duniani.

"Nimekuja kukuomba jambo moja tu," alisema. "Kaka yangu ni mtu wa kuonewa huruma. Hana hila na mtu, hana neno na mtu. Wakimpanda kichwani, hatajua la kufanya. Nakuomba umtazame kwa jicho la huruma."

Tajiri akaacha vitita. Akauliza kama mpiga pasi wake anaumwa. Bi Kamusi akasema haumwi, ila tangu ile homa ya utotoni akili yake inahitaji subira. Tajiri akakuna shingo kwa ncha ya taulo. Akasema yeye siku zote alidhani ni mtu anayefikiri kabla ya kusema, na watu wa namna hiyo ni wachache. Bi Kamusi akatabasamu tabasamu la anayejua zaidi. Tajiri akamshukuru kwa kumfumbua macho, na dada mtu akaondoka na mwendo mwepesi, kama aliyempelekea ndugu yake mwavuli kabla mvua haijanyesha.

Jumatano kaka alirudi nyumbani mapema. Hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na habari ikatoka kidogo kidogo. Usimamizi amepewa mwenzake, yule aliyeunguza kola ya shati la harusi la mtu siku si nyingi. Yeye mwenyewe ameondolewa kwenye mashati na kupewa leso na foronya. Tajiri anamsemesha kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama asemavyo mtu na kiziwi, na akipita anampiga piga begani. Vijana wa chumba cha pasi, ambao jana tu walikuwa wakirudia mikunjo kwa kutazamwa naye, leo wamekuwa wapole kupita kiasi.

"Wameniletea kiti," kaka alisema. "Wananiambia nipige pasi nimekaa."

Alitazama viatu vyake, kimoja kisha kingine.

"Kuna mtu amemwambia kitu tajiri. Nani?"

Bi Kamusi alikuwa ameshika mwiko. Aligeukia jiko akasema kwamba watu wana midomo, kaka, dunia ndivyo ilivyo. Huo ulikuwa uongo, na aliujua kuwa ni uongo kabla haujamaliza kutoka. Aliwakasirikia watu wa dobi kwa ukatili wao, akajiambia kwamba heri kaka amerudishwa mapema kabla hajaumizwa zaidi. Na kwenye kona moja ya moyo, kona ambayo mtu haendi na taa, alifurahi. Kaka hahami.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Alisimama mbele ya wenzake na kadi zake zimebandikwa ubaoni kuanzia juu kushuka chini, kila kadi na ngazi yake. Walikuwa watu wanne mezani, pamoja na mhariri mkuu na penseli yake. Bi Kamusi alianza vizuri. Kwenye ngazi ya juu kabisa, alisema, neno hili ni mwenye heri, mwenye baraka, mtu ambaye mambo yake yako sawa mbele za Mungu. Ndugu yake, neno la Kijerumani la ukoo huo huo, limebaki huko juu hadi leo. Wakwe wakatikisa vichwa kukubali. Kisha likashuka ngazi moja: mtu aliyebarikiwa hana uovu, hivyo likawa mtu asiye na hatia, asiye na hila. Likasemwa juu ya watoto wachanga na juu ya kondoo.

"Nani alilisogeza?" mhariri mkuu akauliza.

Bi Kamusi akasema ni wacha Mungu, waliokuwa wakisifu. Mhariri mkuu akaridhika. Mshenga akaendelea. Asiye na hila huonewa na kila mtu, basi kwenye ngazi inayofuata neno likawa maskini wa watu, mtu wa kuhurumiwa. Chini yake, dhaifu, asiyejiweza. Chini yake tena, dhaifu wa akili. Na hapo sakafuni ndipo tunapolikuta leo, mpumbavu.

"Rudi nyuma," mhariri mkuu alisema. "Umekimbia. Kutoka mtu wa kuhurumiwa mpaka dhaifu wa akili. Nani alilisogeza?"

Kwenye karatasi yake Bi Kamusi alikuwa ameandika jibu tangu juzi: watu wenye dharau. Alifungua mdomo kulisoma. Lakini mhariri mkuu alikuwa ameshainuka, ameusogelea ubao na anasoma mifano ya ngazi zile za katikati, kadi moja baada ya nyingine, kwa miwani ya machoni na kisha kwa ile ya kichwani. Akauliza mwenye dharau yuko wapi hapa, maana yeye hamwoni.

Bi Kamusi naye akasogea kusoma, ingawa kadi alizinakili kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa kweli. Hapakuwa na adui hata mmoja kwenye kadi zile. Mmoja alikuwa akimlilia mjane. Mwingine alikuwa akimwombea mchungaji maskini. Mwingine alisikitikia mwanamke aliyeachwa peke yake. Wote walikuwa watu wema wanaosema kwa upendo, na kila mmoja, kwa upendo wake, alikuwa ameliacha neno chini kidogo kuliko alivyolikuta.

"Wenye dharau walikuja baadaye," Bi Kamusi alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kushindana na wakwe. "Walipofika walikuta kazi imeshafanywa."

"Imefanywa na nani?"

Wenzake walimtazama, hawakuzoea kumwona anatafuta neno.

"Na waliolihurumia," akasema.

Mhariri mkuu aliandika kitu, akatangaza kwamba neno limepita, na mtu wa mwisho wa meza akauliza kama chai iko tayari. Wao walikuwa wamemaliza. Bi Kamusi alibaki amesimama mbele ya ubao. Alikuwa anamwona kaka yake amekaa kwenye kiti alicholetewa, mkononi ameshika leso ya mtu. Hana hila na mtu, hana neno na mtu. Mtu wa kuonewa huruma. Ni maneno yake mwenyewe, ameyasema kwa mpangilio mzuri kaunta pale, ngazi kwa ngazi, na hata hakuhitaji muda mrefu. Neno la Kiingereza lilichukua karne nyingi kufika sakafuni. Yeye kaka yake alimfikisha baina ya Jumatatu na Jumatano.

Aliomba ruhusa ya kutoka. Mhariri mkuu, ambaye siku ya Alhamisi hata mwenye jino linalouma humwambia avumilie, alimtazama juu ya miwani na kumwambia achukue mkoba wake.

Chumba cha pasi kilikuwa cha moto na chenye kelele za mvuke. Kaka alikuwa pembeni, kwenye meza ndogo, rundo la foronya mbele yake. Kiti kilikuwa nyuma yake, tupu. Alikuwa anafanya kazi amesimama.

Bi Kamusi alimwomba tajiri aje kaunta pamoja na kaka. Kisha akasema, kabla hajapata nafasi ya kulipamba jambo: "Kaka, ni mimi. Jumatatu nilikuja hapa nikamwambia tajiri kwamba akili yako haikutoshi. Jana uliponiuliza nilikudanganya."

Kaka alimtazama.

Tajiri alijifuta uso kwa taulo, akajifuta tena. Hakupenda kuwekwa katikati ya mambo ya mtu na ndugu yake. "Bibie," alisema, "Jumatatu umeniambia hivi, leo unaniambia vile. Mimi nishike lipi? Wewe ndiye unayeishi naye. Na yule mwingine nimeshamwambia, anajiandaa."

Bi Kamusi alianza kueleza. Alisema kaka yake ni mwangalifu, ni mwaminifu, kaka yake anaweza, kaka yake hajawahi... na hapo akajisikia. Alikuwa anafanya kitu kile kile. Maneno yalikuwa mazuri mara hii, lakini kinywa kilikuwa chake bado, na kaka alikuwa amesimama pembeni akisikiliza anavyosemwa. Akakata sentensi katikati.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Ila ukishamuuliza, tafadhali ngoja."

Tajiri akamgeukia mpiga pasi wake. Alianza kwa ile sauti kubwa ya kiziwi, akaona aibu, akaishusha. Akauliza kama anaona ataweza kusimamia chumba cha kule hospitali.

Kaka alitazama ukuta, alitazama mikono yake. Pasi zilikuwa zinapumua huko nyuma. Mteja aliingia na mfuko, akaona nyuso zao, akasubiri mlangoni. Bi Kamusi alikuwa na jibu ulimini, jibu zuri, fupi, ambalo lingemaliza mambo na wote wakarudi kazini. Alibana meno. Hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na mtu aliyempitia pale angedhani amesimama tu. Ukimya ukarefuka mpaka tajiri akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, na Bi Kamusi akaanza kuogopa kwamba mara hii jibu halipo kabisa, kwamba yale aliyoyasema Jumatatu yalikuwa ndiyo ukweli, na leo amemleta kaka yake kuaibishwa mbele ya watu.

"Chumba cha kule," kaka alisema, "kina madirisha mangapi?"

Tajiri akasema lipo moja, linatazama ukuta wa jirani.

Kaka akafikiri. "Halitoshi. Mvuke wa pasi zote zile utawaangusha watu wangu. Toboa lingine upande wa barabara. Na yule uliyemweka, usimfukuze. Anakunja mashuka vizuri, ni kola tu zinazomshinda. Nitakwenda naye."

Tajiri alimtazama kwa muda, kisha akaanza kucheka polepole, kicheko cha mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani amekipoteza. Alisema yule mwenzake aliuliza mambo mengi, lakini hakuuliza watu watapumua vipi. Alisema atazungumza naye jioni hiyo hiyo. Na kwa mazoea tu, bila kufikiri, akamgeukia Bi Kamusi kuona anasemaje.

Bi Kamusi akatikisa kichwa kuonyesha kwamba yeye hasemi, akatazama chini. Machozi yalikuwa yanamlenga na hakutaka mtu yeyote amwonee huruma.

Mteja akapokelewa mfuko wake. Tajiri akaenda nyuma. Kaka na dada wakabaki kaunta, na Bi Kamusi akajua kwamba jibu la kaka kwake yeye bado linakuja, lile la uongo wa jana na la miaka yote. Hakuondoka. Alisubiri, na mara hii hakujaribu kulikisia. Kaka alinyoosha foronya iliyokuwa mkononi, akaikunja mara mbili, akaiweka.

"Mdogo wangu," alisema, bila kupandisha sauti, "ukija hapa tena, uje na nguo za kupigwa pasi."